Waliitwa wavivu, kumbe sumu ilikuwa kwenye makopo

Mwezi uliopita alinipigia simu mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu. Mwanawe ana miaka 7 na yuko darasa la kwanza. Alikuwa mtoto mchangamfu, lakini sasa kila anapokaa analala. Tumbo linamuuma mara kwa mara, chakula hataki, herufi alizokuwa anazijua zinamtoka kichwani. Shuleni mwalimu amesema mtoto ni mvivu. Nyumbani baba amesema vivyo hivyo, na ameshamchapa mara mbili.

"Dada, na mimi nimeanza kuamini," aliniambia. "Labda kweli ni uvivu tu."

Nikamuuliza kama mtoto amepimwa damu. Akasema walimpima malaria, haikuonekana, wakapewa dawa ya minyoo wakarudi nyumbani. Nikamuuliza baba anafanya kazi gani. Akasema ni fundi, anafungua betri kuukuu za magari uani kwake.

Nilinyamaza kidogo. Nilikumbuka kisa cha mabaharia 17 wa Norwei ambao nao waliitwa wavivu, na jina hilo likawakaa zaidi ya miaka 130 baada ya kufa. Leo naomba nikusimulie, mzazi mwenzangu. Ni kisa cha mbali sana na kwetu, mwishoni utaona kwa nini nimekileta kwenye ukurasa wa familia.

Mji wa mwisho kabla ya barafu

Ukichukua ramani ya dunia ukapandisha kidole juu kabisa ya Ulaya, utafika kwenye pwani ya kaskazini ya Norwei. Huko kuna mji wa kisiwani unaoitwa Tromsø. Ulipewa hadhi ya mji mwaka 1794, na wakati huo ulikuwa na watu wapatao 80 tu. Hiyo ni idadi ya waombolezaji kwenye msiba mdogo wa kwetu. Mbele zaidi kulikuwa na Hammerfest, mji uliopata hadhi hiyo miaka 5 kabla. Baada ya hapo ni bahari, na baada ya bahari ni barafu.

Huko jua lina tabia zake. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi kabisa. Saa sita mchana kunakuwa na mwanga hafifu kama wa alfajiri, kisha giza linarudi. Kiangazi nako, kuanzia Mei hadi Julai, jua halizami. Watoto wanacheza nje saa sita usiku kweupe.

Watu wa pwani hiyo hawakuwa wa kabila moja. Walikuwepo Wanorwei, walikuwepo Wasami ambao ni wenyeji wa tangu zamani, wafugaji wa paa wa baridi na mafundi hodari wa kuunda mashua, na walikuwepo Wakveni waliohamia kutoka upande wa Ufini. Kila kiangazi walikuja pia Warusi kutoka Bahari Nyeupe, na majahazi yao yamejaa unga wa ngano nyeusi na mbao. Walichukua samaki, wakaacha unga. Kwa kuwa hakuna aliyejua vizuri lugha ya mwenzake, wakatengeneza lugha yao ya sokoni, nusu Kirusi nusu Kinorwei. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunalielewa hilo bila kuelezwa sana. Bahari ikikutanisha watu wenye bidhaa, maneno yatapatikana.

Unga ule haukuwa wa mchezo. Norwei ya kaskazini nafaka haikomai vizuri. Wakati wa vita vya mwanzoni mwa karne ya 19, kati ya 1807 na 1814, Waingereza walipozuia meli zisipite, unga wa Warusi ndio uliookoa kaya nyingi zisife njaa.

Mwanamume wa pwani hiyo alikuwa mvuvi wakati wa baridi na mkulima kidogo wakati wa joto. Lakini shamba hasa lilikuwa la mke. Mume akiwa baharini miezi mingi, mke ndiye aliyekamua ng'ombe, akalisha kondoo, akakata majani ya kuwawekea akiba ya baridi, akapanda viazi, akalea. Ndiye aliyefuma glovu za sufu za mumewe. Alizifuma kubwa kupita kiasi, kisha akazisugua ndani ya maji hadi zikajikunja na kushikamana, ili maji ya bahari yasipenye haraka. Mkono wa baharia ulikuwa salama kwa kadiri ya uvumilivu wa mkewe.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 watu wa Hammerfest, na kuanzia mwaka 1820 hivi watu wa Tromsø, walianza kwenda mbali zaidi, hadi visiwa vya barafu vya Spitsbergen. Walifuata sili na walarasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Mafuta ya wanyama hao yaliwasha taa na kulainisha mashine za Ulaya. Ngozi zilitengenezwa mikanda na kamba.

Walikwenda kwa vyombo vidogo vya matanga, mabaharia wachache kila chombo. Hawakulipwa mshahara kama tunavyoujua. Walikula kwa mgao, kama mabaharia wa dau: chombo kina fungu lake, nahodha fungu lake, na kila mtu fungu lake. Wakirudi na mali, deni la dukani linalipwa. Wakirudi watupu, mke anarudi kwa mfanyabiashara yule yule kukopa tena. Wasiporudi kabisa, deni linabaki na mjane.

Walijua kula

Hapa kuna jambo la afya ambalo mzazi anafaa kulisikia.

Watu hao walikuwa na kila sababu ya kuugua. Bila jua, ngozi haitengenezi vitamini D, na mtoto asiye na vitamini D anapata matege. Bila matunda na mboga mbichi, mwili unakosa vitamini C, na hapo unakuja ugonjwa wa kiseyeye: fizi zinavimba na kutoka damu, viungo vinauma, makovu ya zamani yanafunguka upya, na mtu anachoka hadi hawezi kunyanyuka. Kiseyeye kiliua mabaharia wengi wa dunia hii kuliko dhoruba.

Lakini nyumbani, watu wa pwani ile walikuwa na majibu yao kabla sayansi haijawafikia. Walikula samaki wa kodi pamoja na ini lake na mayai yake, kwenye sahani moja, katika ile miezi ya giza. Ini la samaki huyo lina vitamini D na A kwa wingi. Katika miaka ya 1850 mfamasia wa Norwei, Peter Möller, aligundua namna ya kuyakamua mafuta hayo kwa mvuke yakatoka safi, na ndiyo asili ya mafuta ya ini la samaki tunayoyaona leo kwenye maduka ya dawa.

Kwa kiseyeye walikuwa na matunda madogo ya rangi ya chungwa yanayoota kwenye vinamasi vya huko, wanayaita *multe*. Yana asidi ya asili inayoyazuia kuoza, hivyo waliyaweka kwenye mapipa yakakaa baridi nzima, vitamini C ikiwa ndani. Kulikuwa pia na jani la porini la pwani walilolitafuna mahususi kwa kiseyeye. Na wawindaji wazoefu waliokwama Spitsbergen walijua kuwa nyama mbichi ya sili au ya paa wa baridi inamweka mtu hai.

Samaki wengine walianikwa tu kwenye miti bila chumvi, upepo wa baridi ukawakausha, kama ng'onda wetu anavyokaushwa na jua. Akiba ya mwaka.

Hawakujua neno vitamini. Walijua bibi alisema nini.

Baridi ya 1872

Mwaka 1872 barafu iliwahi. Mwezi Septemba, vyombo kadhaa vya wawindaji wa Norwei vilikuwa bado kaskazini mwa Spitsbergen vilipojikuta vimefungwa. Mbele barafu, nyuma barafu. Watu walikuwa zaidi ya 50, na chakula chao kilikuwa cha kiangazi tu.

Kulikuwa na tumaini moja. Mwaka huo huo Waswidi walikuwa wamejenga nyumba nzuri upande wa magharibi wa kisiwa, mahali paitwapo Kapp Thordsen, kwa mpango wa kuchimba madini ya mbolea. Nyumba ilikuwa tupu, lakini stoo yake ilikuwa imejaa: makaa, kuni, na vyakula vingi, vingi vyake vya makopo. Ilikubaliwa kwamba watu 17 waende huko kwa mashua, ili wanaobaki waweze kugawana kidogo kilichopo.

Mwezi Oktoba wakaingia kwenye mashua za wazi, wakavuta makasia na kupandisha tanga katika baridi ile kwa siku kadhaa, wakafika wote salama. Fikiria furaha yao. Nyumba yenye paa zuri, jiko, vitanda, na chakula cha kutosha baridi nzima. Hao ndio walioonekana wana bahati.

Wale waliobaki kwenye vyombo ndio walioonekana wamehukumiwa. Lakini mwezi Novemba upepo ulipasua barafu, na wengi wao wakafanikiwa kutoka na kurudi Norwei. Wawili walioamua kubaki kulinda mali walikufa huko.

Norwei ikatuma meli kwenda kuwachukua wale 17. Giza na barafu vikaizuia. Kilichobaki ni kungoja kiangazi.

Kiangazi cha 1873 meli ilipofika Kapp Thordsen, hakuna aliyetoka kuipokea. Nje kulikuwa na maiti zilizofunikwa, za wale waliotangulia kufa wakati wenzao bado wana nguvu ya kuwatoa. Ndani kulikuwa na maiti nyingine, vitandani na sakafuni. Watu 17, hata mmoja hakupona. Na stoo bado ilikuwa na chakula.

Baridi hiyo hiyo, mashariki zaidi, kwenye kisiwa cha Novaya Zemlya, nahodha mashuhuri wa Tromsø, Sivert Tobiesen, naye alikwama. Alikuwa na mwanawe wa kumzaa chomboni. Baadhi ya mabaharia wake waliondoka kwa mashua kutafuta msaada, wakapata taabu kubwa, hatimaye wakaokolewa na wenyeji wa huko, Wanenetsi, waliowakaribisha na kuwalisha. Tobiesen alibaki na mwanawe na wengine wawili. Alikufa kwa kiseyeye mwezi Aprili 1873. Mwanawe akamfuata mwezi Julai, wakati barafu inakaribia kuachia.

Mkusanyiko huo wa habari uliifikia Tromsø ndani ya msimu mmoja. Huo ni mji ambao kila mtu alimjua kila mtu.

Hukumu

Watu walitaka maelezo. Kifo cha Tobiesen kilieleweka: chakula kibaya, kiseyeye. Lakini wale 17? Walikuwa na nyumba. Walikuwa na joto. Walikuwa na mboga za makopo, ambazo wakati huo ziliaminika kuwa kinga ya kiseyeye.

Jibu lililopatikana lilikuwa kwamba ni kiseyeye pia, na kwamba walikipata kwa sababu ya uvivu. Imani ya enzi hizo ilikuwa kwamba kiseyeye kinampata mtu asiyejishughulisha, anayelala sana, asiye msafi. Kumbukumbu za wagonjwa zilionyesha watu waliolegea, wasiotaka kutoka nje, waliolala mchana. Ushahidi ukatosha. Walipewa nyumba na chakula, wakalala hadi wakafa.

Waza mjane wa mmoja wao anakwenda kukopa unga dukani, na mwenye duka anajua mumewe alikufa kwa uvivu. Waza mtoto wake anakwenda shule.

Sehemu ya imani ile ilianza kubomoka mwaka 1907. Wanasayansi wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua mabaharia wa nchi yao. Walipowalisha simbilisi nafaka tupu, wanyama wale wakapata kiseyeye. Wakiwapa majani mabichi, wanapona. Kwa hiyo kiseyeye ni upungufu wa kitu katika chakula. Uvivu wa mgonjwa ni dalili, si chanzo. Hilo Mskoti James Lind alilionyesha kwa machungwa na malimau tangu 1747, lakini wakubwa walichelewa kusikia.

Hata hivyo kisa cha Kapp Thordsen kilibaki. Ndipo daktari wa Tromsø, Profesa Ulf Aasebø, na mwanahistoria Kjell Kjær wakaamua kurudi kwenye makaburi. Huko ardhi imeganda mwaka mzima, kwa hiyo mwili hauozi haraka. Mwaka 2008 walipata sampuli kutoka kwa marehemu, zikapimwa maabara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la madaktari la Uingereza, *British Medical Journal*.

Sampuli zilikuwa na madini ya risasi kwa kiwango cha juu mno.

Risasi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye makopo. Zama zile makopo yalifungwa kwa lehemu yenye risasi nyingi, na mafundi waliimwaga bila kipimo. Makopo yaliyobaki jirani na ile nyumba yalionekana na lehemu hiyo upande wa ndani, ikigusana moja kwa moja na chakula. Kila siku, asubuhi na jioni, wale wanaume walikula sumu kutoka kwenye chakula walichoambiwa ndicho bora. Na kadiri walivyolegea, ndivyo walivyoyategemea zaidi makopo badala ya kutoka kuwinda nyama mbichi.

Watafiti hao waliona risasi ndiyo sababu inayoelekea zaidi kuwaua. Dalili zake ni zipi? Uchovu usioisha. Maumivu ya tumbo. Kukosa hamu ya kula. Akili kuwa nzito, hasira za ghafla. Kwa mtu anayetazama kutoka nje, huyo anaitwa mvivu.

Turudi nyumbani

Kabla hujaenda jikoni kutupa makopo yako, tulia. Viwanda vingi vya chakula viliacha lehemu ya risasi siku nyingi. Kopo la nyanya lililo zima, lisilovimba wala kushika kutu, si tatizo ninaloliongelea.

Ninachoongelea ni kwamba risasi bado ipo karibu na watoto wetu kwa njia nyingine. Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth, walikadiria mwaka 2020 kwamba takriban mtoto 1 kati ya kila watoto 3 duniani ana risasi kwenye damu kwa kiwango kinachohitaji hatua kuchukuliwa. Wengi wako kwenye nchi kama zetu. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Jirani zetu Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, wanalijua hili kwa machungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ukutani mwa nyumba zao. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, alimwona mtoto wake mchanga akiugua. Kwanza hospitali ilidhani ni magonjwa ya kawaida. Baadaye damu ikapimwa risasi, na ikakutwa. Alipambana hadi kiwanda kikafungwa, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Fedha hairudishi akili ya mtoto iliyoharibika, lakini walau hakuna tena anayeweza kusema watu wale walikuwa wazembe.

Mtoto mdogo yuko hatarini zaidi kuliko sisi. Mwili wake unanyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Anatambaa, anatia mikono mdomoni. Na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu, mwili wake unaivuta risasi kwa kasi zaidi.

Angalia haya nyumbani kwako:

Betri za magari. Zisifunguliwe wala kuyeyushwa mahali watoto wanapoishi. Fundi abadili nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, anawe mikono na uso, na nguo zake zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Rangi ya ukutani inayobabuka. Rangi za zamani, na baadhi ya mpya, zina risasi. Usikwangue rangi kavu mtoto akiwa karibu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unalipeperusha tu.

Wanja. Najua hapa nagusa mila. Baadhi ya wanja wa unga unaouzwa kwa kupimiwa ni madini ya risasi yenyewe. Mtoto anajisugua jicho, kisha anatia kidole mdomoni. Mtoto anapendeza bila wanja, mama.

Sufuria za kusubu. Zile zinazotengenezwa mtaani kwa vyuma chakavu, ambavyo hakuna ajuaye vimetoka wapi, zinaweza kuwa na risasi. Usipikie humo vitu vichachu kama nyanya, ndimu au ukwaju, wala usilaze chakula ndani yake.

Chakula. Maharage, mboga za majani, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, na tunda kama embe au chungwa baada ya mlo. Chuma, kalsiamu na vitamini C havitibu sumu ya risasi, lakini vinaipunguzia nafasi ya kuingia mwilini.

Na neno moja kuhusu mafuta ya ini la samaki, kwa kuwa najua baada ya kusoma hadithi ya Wanorwei kuna atakayekwenda kununua. Watu wale waliyahitaji kwa sababu hawakuwa na jua miezi miwili. Sisi jua tunalo. Mtoe mtoto nje. Mafuta hayo yana vitamini A nyingi, na mtoto wako wa chini ya miaka 5 tayari anapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Ikizidi inaumiza ini. Mjamzito naye asiyatumie bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Neno la mwisho kabla ya fimbo

Yule mama alimpeleka mtoto hospitali ya mkoa. Alikwenda na maneno niliyomwambia ayaseme waziwazi: "Baba yake anafungua betri nyumbani." Nakuomba uyakariri na wewe kwa namna yako, kwa sababu mhudumu mwenye foleni ndefu hawezi kukisia kazi ya mumeo. Mwambie mnafanya nini, mnaishi karibu na nini, mtoto anapenda kutia nini mdomoni.

Wingi wa damu ulipopimwa ulikuwa chini. Ameanzishiwa dawa ya kuongeza damu. Kipimo cha risasi hakikuwepo pale, wamechukua sampuli ikapelekwa kwingine, na hadi naandika haya majibu hayajarudi. Inawezekana ni risasi, inawezekana ni upungufu wa damu tu wa sababu nyingine. Sijui, na mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba betri zimehamishwa uani, na baba, kwa maelezo ya mkewe, alimkalisha mtoto mapajani jioni ile akakaa naye muda mrefu bila kusema kitu.

Wale 17 wa Kapp Thordsen walisubiri zaidi ya karne moja hadi mtu afikirie kuchunguza sababu badala ya kuhukumu tabia. Mtoto hana karne ya kusubiri. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akageuka mzito, anayelalamika tumbo, anayesahau alichokijua, hajabadilika kwa kupenda. Kabla ya kumwita mvivu, kabla ya fimbo, kabla ya kukubaliana na mwalimu, mpeleke apimwe. Akikutwa mzima kabisa, umepoteza asubuhi moja tu.

Tukutane wiki ijayo.